Karatasi ya vijipicha yenye majina ya faili: uchape kwa programu ipi?

Una folda ya picha mia mbili na ushei, na unataka kuzitandaza zote kwenye karatasi: vijipicha vimepangwa safu kwa safu, kila kimoja na jina la faili lake chini. Ukimpa mtu karatasi hizo, anatia duara kwenye picha anazozitaka, anakurudishia, nawe unazifuata kwenye kompyuta bila kubahatisha. Kazi yenyewe inaonekana ndogo. Ukianza kutafuta njia ndipo unapokutana na programu kumi, kila moja ikidai inaweza. Na zinaweza kweli, ila hazifanani.

Nimezigawa katika makundi manne: kile kilichomo ndani ya kompyuta tayari, programu ndogo za bure za kutazama picha, programu za wapiga picha, na amri ya kuandika kwa mkono. Lakini kwanza tukubaliane tunapima nini.

Vigezo

Enzi za filamu ya milimita 35, mpiga picha aliikata filamu ya picha 36 katika vipande sita, akavilaza juu ya karatasi ya picha, akavigandamiza kwa kioo na kuwasha taa. Kila kijipicha kilitoka kwa ukubwa uleule wa filamu, milimita 36 kwa 24, na ukingoni kulikuwa na namba iliyotiwa kiwandani. Bila namba ile karatasi ingekuwa pambo tu. Leo kazi ya namba inafanywa na jina la faili, ndiyo maana mimi hupima programu kwa jinsi inavyolitendea jina kabla ya kuangalia kitu kingine chochote.

*Jina.* Je, linaandikwa lote au linakatwa? Unaweza kubadili ukubwa wa herufi? Unaweza kuongeza tarehe au folda? Kamera nyingi hufuata kanuni ya DCF, yenye vibambo vinne kisha tarakimu nne, kama IMG_0042 au DSC_0042. Jina hilo ni fupi, linakaa popote. Tatizo lake ni kwamba hesabu ikifika 9999 huanza upya, hivyo mtu mwenye picha za miaka mingi huwa na IMG_0042 zaidi ya moja. Simu zina tatizo la kinyume. Picha ya WhatsApp kwenye Android huitwa mfano IMG-20240312-WA0007.jpg, vibambo 23, na sehemu inayoitofautisha na wenzake iko mwishoni, palepale programu zinapopenda kukata.

*Mpangilio.* Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210. Ukiacha pambizo ya milimita 10 kila upande zinabaki 190. Safu wima tano zinapata milimita 38 kila moja, karibu sawa na kijipicha cha filamu. Nne zinapata 47. Tatu zinapata 63. Kama kazi ni kuchagua nani amefumba macho, tano ni nyingi mno. Kama ni kumbukumbu ya kubandika kwenye jalada, tano zinatosha.

*Mfuatano na wingi.* Picha zitoke kwa mpangilio unaoutarajia, na programu isizidiwe zikifika mia tano.

*Kinachotoka.* Programu nyingine hupeleka jina kwa printa kama maandishi, likatoka kali hata likiwa dogo. Nyingine hutengeneza picha moja kubwa ambayo jina limechorwa ndani yake kwa pikseli. Hapo ukikosea vipimo, majina yanatoka na ukungu.

*Gharama na jasho.* Pesa, muda wa kujifunza, na mara ngapi utairudia kazi hii.

1. Kilichomo ndani ya kompyuta tayari

Kwenye Windows huhitaji kupakua chochote. Fungua folda, teua picha, bofya kulia, chagua Print. Kwenye Windows 11 huenda ukalazimika kufungua kwanza menyu ndefu kupitia "Show more options". Dirisha litakalokuja lina orodha ya mipangilio upande wa kulia. Shuka nayo mpaka chini kabisa, utakuta "Contact sheet".

Jina: linaandikwa chini ya kila picha bila kuulizwa. Ila huna uwezo wa kulibadili: huchagui fonti, huchagui ukubwa, huongezi tarehe, na jina refu linaweza kukatwa. Kwa majina ya kamera hakuna shida. Kwa majina ya WhatsApp, chapa ukurasa mmoja kwanza uone.

Mpangilio: picha 35 kwa ukurasa, safu wima tano. Basi. (Kwa nini 35 wakati filamu ilikuwa na 36? Huwa inanikera bila sababu ya maana.) Chini ya dirisha kuna kisanduku cha "Fit picture to frame", na kwa kawaida kinakuja kikiwa na alama. Iondoe. Ikibaki, picha hukatwa kingo ili zijaze nafasi, na katika karatasi ya kuchagulia hutaki kumwonyesha mtu picha iliyopunguzwa kichwa.

Mfuatano: unafuata folda ilivyopangwa, lakini kuna kijitabia cha kukijua. Ukiteua picha zote kisha ukabofya kulia juu ya ile ya katikati, hiyo ya katikati ndiyo inayotangulia. Bofya juu ya picha ya kwanza, mambo yatakaa sawa.

Kinachotoka: karatasi moja kwa moja, au PDF ukichagua "Microsoft Print to PDF" kama printa yako.

Kwenye Mac kazi hii inafanywa na programu ya Photos. Ukienda kuchapa, miongoni mwa mitindo kuna wa karatasi ya vijipicha. Unachagua idadi ya safu wima na maelezo ya kuweka chini ya picha, jina la faili likiwa mojawapo. Hapo imeizidi Windows. Kikwazo ni kwamba Photos hufanya kazi na maktaba yake yenyewe: picha zilizo kwenye folda ya kawaida au diski ya nje lazima uziingize kwanza, na kwa kazi ya mara moja huo ni mzunguko mrefu.

Inamfaa nani: mwenye picha za kamera zenye majina mafupi, anayetaka karatasi leo, asiyejali sana mwonekano.

2. Programu ndogo za bure: IrfanView na wenzake

IrfanView ni ya Windows, ipo tangu 1996, na ni bure kwa matumizi yasiyo ya kibiashara. XnView MP inafanya kazi Windows, Mac na Linux, nayo ni bure kwa mtu binafsi. digiKam ni huria kabisa na inakwenda kwenye mifumo yote mitatu. Nitaeleza zaidi IrfanView kwa sababu ndiyo inayoonyesha vizuri nguvu na udhaifu wa kundi hili.

Unaifungua, unabonyeza herufi T, dirisha la vijipicha linakuja. Unateua unazotaka, kisha kwenye menyu ya File unachagua kutengeneza karatasi ya vijipicha. Hapo unapata uhuru ambao Windows haikupi: safu wima ngapi, mistari mingapi, ukubwa wa karatasi, na maandishi gani yakae chini ya picha.

Jina: huandikwa kwa alama. $F ni jina pamoja na kiendelezi (ile .jpg ya mwishoni), $N ni jina bila kiendelezi, $D ni folda, $W na $H ni upana na urefu wa picha kwa pikseli. Unaweza hata kuvuta tarehe ambayo picha ilipigwa kwa kuandika $E36867, ambayo ni namba ya tarehe hiyo katika taarifa za EXIF zinazobebwa na picha. Kwa hiyo wale IMG_0042 wawili wanaotatiza unaweza kuwatenganisha kwa kuweka tarehe pembeni. Mimi hukibakiza kiendelezi pale tu folda inapochanganya JPEG na RAW (faili ghafi za kamera, kubwa na zisizobanwa kama JPEG) za picha zilezile. Vinginevyo $N inaokoa nafasi.

Mpangilio: wowote unaoutaka.

Mfuatano: unafuata dirisha la vijipicha lilivyopangwa, kwa hiyo panga humo kwanza, kwa jina au kwa tarehe.

Kinachotoka: hapa ndipo pa kuwa makini. IrfanView inatengeneza picha, na majina yamo ndani yake kama pikseli. Ukiiacha karatasi na vipimo vya skrini kisha ukaichapa kwenye A4 nzima, vijipicha vitaonekana vizuri kiasi lakini majina yatakuwa na ukungu, 8 na 3 zikifanana. A4 kwa nukta 300 kwa inchi ni pikseli 2480 kwa 3508. Weka vipimo hivyo, kisha ongeza ukubwa wa fonti kwa kadiri hiyo, maana fonti iliyotosha kwenye karatasi ndogo itaonekana kama mchwa kwenye kubwa.

digiKam ina kifaa chake cha kuchapa kinachokuruhusu kuweka jina la faili, tarehe au maelezo yako chini ya picha. Ni programu nzito kuliko hizo mbili kwa sababu kazi yake hasa ni kutunza maktaba nzima ya picha. Kama tayari unaitumia, usihangaike kwingine. Kama huitumii, kuisakinisha kwa ajili ya karatasi tano ni kujitafutia kazi.

Inamfaa nani: mwenye majina marefu au yanayojirudia, anayetaka kupanga karatasi apendavyo, na yuko tayari kutumia nusu saa ya kwanza kucheza na vipimo.

3. Programu za wapiga picha

Lightroom Classic na Photoshop ni za kulipia kwa usajili. Kama hulipii tayari, sioni sababu ya kuanza kwa ajili ya kazi hii. Lakini kama unazo, usidhani karatasi ya vijipicha ni jambo la pembeni kwao; Lightroom hasa imeifanya vizuri.

Kwenye sehemu ya Print ya Lightroom kuna mipangilio iliyo tayari, ikiwemo ya safu nne kwa tano. Jina linawashwa kwa kutia alama kwenye "Photo Info" na kuchagua jina la faili, na ukitaka zaidi unajitengenezea kiolezo chenye jina, tarehe na neno lako mwenyewe. Ukubwa wa herufi unachagua. Mfuatano ni ule wa mkusanyiko wako, hata kama umezipanga kwa kuburuta moja moja. Kuna kisanduku cha "Draft Mode Printing" kinachotumia vijipicha vilivyokwisha kutengenezwa badala ya kuzisoma upya faili kubwa. Kwa mamia ya picha za RAW, hiki ndicho kinachokufanya umalize kabla chai haijapoa. Gharama yake ni kuingiza picha kwenye katalogi kwanza, kama ilivyo kwa Photos ya Mac.

Photoshop inayo "Contact Sheet II", iliyo kwenye menyu ya File, chini ya Automate. Unachagua folda, safu na mistari, kisha unatia alama ya kutumia jina la faili kama maelezo, pamoja na fonti na ukubwa wake. Inafanya kazi, ila hufungua picha moja baada ya nyingine mbele ya macho yako na kuzibandika, na kila ukurasa unakuwa hati yake. Picha hamsini, sawa. Mia tano, nenda kapumzike.

Adobe Bridge ni jambo tofauti, maana haihitaji usajili wa kulipia, akaunti tu. Inazisoma folda moja kwa moja bila kuingiza chochote, na sehemu yake iitwayo Output hutengeneza PDF ya vijipicha yenye majina. Kwa mtu wa Mac ambaye hataki kulisha picha zake kwa Photos, ningemwambia aanzie hapa.

Inamfaa nani: anayepiga RAW, anayempelekea mteja karatasi zenye sura, na anayerudia kazi hii kila baada ya shughuli.

4. Amri ya kuandika: ImageMagick

Wengi watairuka sehemu hii. Wasiiruke haraka. ImageMagick ni programu huria isiyo na dirisha la kubofya. Unafungua dirisha la amri (Terminal, au Command Prompt kwenye Windows) ndani ya folda ya picha, unaandika mstari mmoja, unapata karatasi zote:

magick montage -label "%f" -auto-orient -pointsize 30 -tile 4x5 -geometry 540x540+40+20 *.jpg karatasi.jpg

Tuusome. %f ni jina la faili. Ukitaka bila kiendelezi andika %t. Alama hii ya jina lazima itangulie picha, kwa sababu programu huambatisha jina wakati inaisoma kila picha. -auto-orient inazisimamisha picha zilizopigwa simu ikiwa wima. 4x5 ni safu wima nne, mistari mitano. Kila picha inapewa mraba wa pikseli 540, na nafasi ya 40 kila upande: 620 mara nne ni 2480, upana kamili wa A4 kwa nukta 300. Picha zikizidi ishirini, zinatoka karatasi-0.jpg, karatasi-1.jpg na kuendelea.

Jina: lote, na ukubwa unaoutaka. Jina likizidi upana wa nafasi yake, punguza namba ya -pointsize.

Mfuatano: hapa ndipo inapoteleza. Kompyuta hupanga majina kibambo kwa kibambo, hivyo picha10 inakuja kabla ya picha2. Dirisha la Windows hukuficha jambo hili kwa kupanga kama binadamu, amri haikufichi. Dawa ni sifuri za mbele: picha002, picha010. Jambo jingine dogo la Windows: ukiihifadhi amri hii ndani ya faili la .bat ili uitumie tena, kila % iandike mara mbili.

Kinachotoka: picha, kama IrfanView, na tahadhari ya vipimo ni ileile, ila hapa hesabu umeshaifanya ndani ya mstari.

Gharama ni bure, jasho ni la siku ya kwanza. Baada ya hapo folda ya picha mia sita ni mstari uleule.

Inamfaa nani: anayeirudia kazi kwa folda nyingi, na asiyeogopa skrini nyeusi.

(Kuhusu kutengeneza jedwali kwenye Word, kubandika picha na kuandika majina kwa mkono: kwa picha kumi na mbili, sawa. Kuendelea, utakosea jina moja tu, na hilo ndilo mteja atakalolichagua.)

Kabla hujabonyeza kitufe cha kuchapa

Kama unataka kubadili majina ya faili, yabadili kabla. Karatasi ikishatoka, majina yaliyomo ndiyo mkataba. Ukiyagusa kwenye folda, duara alilolitia mtu haliongozi popote. Kwenye Windows ukiteua faili zote na kubonyeza F2, ukaandika neno moja, yanakuwa Harusi (1), Harusi (2) na kuendelea. Yanatosha kwa njia ya kwanza, lakini hayana sifuri za mbele, kwa hiyo yataivuruga ile ya nne. IrfanView ina kubadili majina kwa mkupuo, ambako alama za ### zinakupa 001, 002.

Hesabu vijipicha, ulinganishe na idadi ya faili. iPhone zimekuwa zikiweza kuhifadhi picha kwa HEIC, aina ya faili tofauti na JPEG, tangu iOS 11 ya 2017, na kompyuta ya Windows isiyo na kiongezi cha kuzisoma huziacha nje. Unaona karatasi safi, kumbe picha kumi hazimo.

Tengeneza PDF kwanza, kisha ichape kwenye karatasi ya kawaida. Chagua mandhari nyeupe; mandhari nyeusi ni nzuri kwenye skrini ila inakunywa wino. Printa ya leza inatoa majina madogo makali kuliko ya wino, hata kama rangi za picha hazipendezi sana.

Uchague ipi, kwa hali yako

Una picha za kamera, majina mafupi, Windows, na unataka karatasi ndani ya dakika tano: tumia iliyomo. Usipakue kitu.

Picha zimetoka kwenye simu za watu mbalimbali na zina majina marefu ya WhatsApp: IrfanView au XnView MP, safu wima tatu au nne, jina bila kiendelezi.

Una folda zenye majina yanayojirudia kutoka miaka tofauti: IrfanView yenye tarehe chini ya jina, au badili majina kwanza kisha tumia yoyote.

Uko kwenye Mac: Photos kama picha tayari zimo humo; Bridge kama ziko kwenye folda au diski ya nje.

Unamchapia mteja baada ya kila shughuli na tayari unalipia Lightroom: baki hapohapo, hifadhi kiolezo chako.

Uko kwenye Linux, au una folda thelathini za kumbukumbu za taasisi zinazosubiri: ImageMagick, na uanze kwa kuongeza sifuri za mbele kwenye majina. Ukiona mstari mmoja wa amri unakutia kizunguzungu, digiKam itafika palepale kwa kubofya, folda moja moja.